Kutosha Sumu

Nyuma ya mlango wa jiko langu, hapa Mudzipela, mpaka juzi kulikuwa na mistari kumi ya mkaa ukutani. Kila mstari ni siku moja ambayo mjukuu wangu, mwenye miaka minne, alitia mdomoni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sikusema alikula. Alitia mdomoni tu, na mara nyingi ilirudi ilikotoka.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Bunia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kuona sahani bila kujiuliza kilichomo kilifika lini, na nani alikikataa kwanza. Bwana huyu mdogo anapenda mkate na chai ya sukari nyingi, makaroni, na viazi vya kukaanga. Ukileta sombe, lenga-lenga au matembele, mdomo wake unafungwa kama duka siku ya fujo. Binti yangu, mama yake, analalamika: “Mama, huyu mtoto anakataa vyakula vyetu vya asili.” Hapo ndipo ninapoweka kijiko chini. Asili ipi?

Viazi vile anavyovipenda ni wageni wa juzi, walioshika vizuri kwenye baridi ya milima ya Djugu na Mahagi, upande wa Nioka, ambako Wabelgiji waliweka kituo cha utafiti wa kilimo. Sawa, hilo binti yangu analikubali. Lakini muhogo nao ni mgeni. Ulitoka Brazili, Wareno wakauleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukatembea taratibu kuja mashariki, mkono kwa mkono. Watu wa nchi hii ya nyasi, kati ya msitu na Ziwa Albert, walikuwa na ulezi wao na mtama wao, na ndizi, na maziwa kwa wenye ng’ombe. Babu wa babu yangu angeletewa sahani ya bugali ya muhogo na sombe, nadhani angeitazama kama huyu mjukuu anavyoitazama.

Na asingekuwa mjinga. Darasani nilipenda kuwasimulia wanafunzi habari za watu wa Unguja walioachwa Yambuya. Juni 1887 Henry Morton Stanley aliondoka pale kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, aliyekuwa upande wa ziwa letu. Yambuya iko kwenye mto Aruwimi, ambao ni Ituri huu huu wetu uliobadilishwa jina kule chini. Nyuma aliacha watu zaidi ya 250 wakisubiri mizigo na wapagazi, wengi wao wangwana wa Unguja, wasemaji wa lugha hii ninayoandikia. Walikaa miezi na miezi wakila muhogo wa mashamba ya jirani. Stanley aliporudi Agosti 1888 akawakuta Banalya, sehemu kubwa walikuwa wamekufa. Maradhi yaliua, viboko viliua, na wakubwa wa kambi hawakuwa watu wa kuwasifu. Lakini Stanley mwenyewe aliandika kwamba muhogo mchungu, ulioliwa bila kuandaliwa inavyopasa, ulikuwa miongoni mwa wauaji. Fikiria: mtu aliyekulia kwenye muhogo wa Unguja, unaochomwa na kutafunwa njiani, anakutana na mmea wenye majani yale yale na mzizi ule ule. Macho yake yanamwambia anaujua. Wenyeji wa mto walikuwa wakiuloweka kwanza. Mgeni aliamini macho.

Kwa hiyo mtoto anayesita mbele ya jani la kijani lenye uchungu ana akili ya zamani sana. Mtoto wa miezi minane anapokea karibu chochote unachomtilia. Akifika miaka miwili hivi, akiweza kutembea peke yake na kuokota vitu nje, anaanza kuogopa asichokijua. Ni ulinzi. Angekuwa hana hofu hiyo, angekula kila tunda la kichakani.

Sombe yenyewe inajua siri hiyo. Mama yangu alinifundisha kuitwanga nikiwa sijafika kimo cha mchi. Unachuma majani machanga ya juu, si yale mapana ya chini yenye nyuzi. Unayapitisha kwenye maji ya moto mpaka yalegee, unayatwanga mpaka kinu kinaacha kulia kavu na kuanza kulia kama matope. Kisha sufuria, maji mengi, moto wa muda mrefu, na hakuna kufunika. Nilipofunika, alinipiga mkono kwa mwiko. Hakuwa na maelezo. Alisema tu kwamba sombe inataka kupumua. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kutwanga huiachilia sumu ya sianidi iliyo ndani ya jani, na mvuke huiondoa. Mawese, kitunguu na samaki mkavu vinakuja mwisho, wakati jani limekwisha kutubu.

Muhogo ulikuwa umetufikia pole pole. Kilichoujaza kwenye kila shamba ni dhahabu. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O’Brien, waliona dhahabu kwenye kijito cha Agola, karibu na Kilo. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza, na kufikia 1926 Kilo-Moto ilikuwa kampuni kubwa. Mgodi una tumbo. Maelfu ya wanaume waliotolewa vijijini hawalimi tena, na lazima wale. Serikali ya kikoloni iliweka sheria ya mazao ya lazima mwaka 1917; baadaye mkulima alidaiwa siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa hadi 120. Muhogo uliwafaa watawala: unakaa ardhini kama akiba, nzige hawafiki kwenye mizizi, na mkaguzi anauona kwa mbali akiwa kwenye baiskeli yake.

Chakula cha mgodini kiliitwa posho, na kiligawiwa kwa wiki. Ndiyo maana Kilingala, ambacho nusu ya mji huu wanakisema sokoni, kinaita wiki *poso*. Neno la mgao limekuwa neno la wakati. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi Kilo ujana wake, na hadi uzee alihesabu siku hivyo: poso mbili, poso tatu. Alikula muhogo kila siku ya maisha yake na hakuusifu hata mara moja. Wageni wa heshima wakija, aliagiza ulezi. Ni baba yangu, kizazi cha pili, aliyesema sombe ya mkewe ndiyo chakula kitamu kuliko vyote duniani. Huwa namwambia binti yangu: ukoo wetu ulihitaji miaka hamsini, na wewe unataka Jumanne.

Bibi yangu mzaa mama alikulia kati ya ng’ombe, na hakuonja samaki mpaka anazikwa. Sangala wa Kasenyi na Tchomia walikuwa wakipandishwa mtelemko kila siku, wabichi na wa moshi, yeye akageuza uso. Nyumbani kwake kulikuwa na sufuria ya samaki iliyokaa nje, kama mbwa. Hakuna aliyemwita mtoto mkaidi.

Shida ya kweli ya muhogo haikuwa ladha. Posho ilipangwa kwa ajili ya mwanamume anayebeba mawe, ijaze tumbo mpaka jioni. Ilipokuwa chakula cha nyumba nzima, mtoto aliyeachishwa ziwa alipewa bugali tupu na mchuzi mwepesi. Alishiba, akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyeupeleka ugonjwa huo kwenye majarida ya madaktari akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina ambalo akina mama wa kabila la Ga walikuwa wakilitumia tayari: kwashiorkor, ugonjwa unaomfika mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Akina mama walijua kabla ya madaktari kwamba jambo linaanzia siku ile mtoto anaposukumwa kutoka mapajani. Huku kwetu utafiti ulifanyika Lwiro, Kivu. Ng’ambo ya ziwa, Kampala, mwaka 1965 katika hospitali ya Mulago kilifunguliwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu, na mapishi waliyowafundisha akina mama pale ninayapenda mpaka leo: kitobero. Ndizi, maharagwe au karanga, samaki mkavu aliyesagwa, vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa ndani ya chungu hicho hicho cha familia. Mtoto hapikiwi pembeni. Anakula cha wote, ila kifurushi ni chake.

Mimi niliuona uwezo wa mtoto kukataa mwaka 2003. Mei ile Bunia ilipowaka kwa vita, tulikimbilia kwenye kambi iliyoota kando ya uwanja wa ndege, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, chini ya mahema ya plastiki. Binti yangu, huyu huyu anayelia leo, alikuwa na miaka mitatu. Tulipewa unga wa mahindi na soya, wa manjano, wa kupikia uji. Uji wa manjano! Sisi mahindi tunayoyajua ni meupe, na ya manjano tuliyasikia kuwa ya kuku wa wazungu. Mtoto alinusa, akafunga mdomo. Nilimbembeleza. Nilimtisha. Nilimbana pua, na sioni fahari kuliandika hilo. Alinitapikia kitenge, na kitenge kilikuwa kimoja. Siku mbili alikuwa akinywa maji tu na kulamba chumvi.

Kwenye hema la pili kutoka letu alikaa bibi mmoja mwenye jicho moja. Sikumuuliza kabila, ingawa mwezi ule kabila ndilo lililokuwa swali la kwanza la kila mtu, na sidhani tulikuwa wa upande mmoja. Alikuja, akaketi chini, akachukua kikombe cha uji mkononi mwangu bila kuniomba. Hakumtazama mtoto. Akanywa mafunda mawili, polepole, akajifuta, akasema kama anazungumza na upepo: “Nimekwisha tosha sumu.”

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anisamehe: kwa Kiswahili chetu, *kutosha* ni kutoa. Huku, mtu akikuletea pombe ya ndizi, huonja yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu ya zamani, na kama adabu nyingi za zamani, ilizaliwa na woga. Mwenyeji anakunywa ili mgeni aone kwamba hafi. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo kwenye harusi na vilio maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wa miaka mitatu ni mgeni mezani kwetu na ana haki yake.

Binti yangu alikunywa. Si wote, mafunda mawili, idadi ile ile.

Baadaye, amani iliporudi kidogo, nilikuta mambo haya yameandikwa na watu wenye maabara. Leann Birch na wenzake huko Marekani, tangu miaka ya 1980, walionyesha kwamba mtoto mdogo huweza kuhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakipenda, na kwamba kumlazimisha au kumhonga kwa tamutamu humfanya akichukie zaidi chakula chenyewe. Wazazi wengi wanaacha kwenye mara ya tatu au ya nne, wakisema: huyu hapendi. Niliposoma nilifikiria babu yangu na mkaguzi kwenye baiskeli. Hapo pia kulikuwa na ulazima, na muhogo ukaliwa, ila haukupendwa mpaka fimbo ilipoondoka.

Mjukuu alipoikataa sombe, ndipo ikaanza mistari ya mkaa. Kanuni zangu ni chache na ninazivunja. Sombe inakuwa mezani, kidogo, kando ya kitu anachokijua. Siku hizi ni kipande cha sangala wa moshi, kwa sababu samaki, tofauti na bibi yangu mzaa mama, anamkubali. Tunakula sahani moja, vidole vyetu pamoja. Hakuna biskuti ya Uganda kama malipo, hata kama baba yake anamfichia mfukoni, na namjua anamfichia. Ale kiasi gani, tumbo lake ndilo hakimu. Na mimi ninatosha sumu.

Jana jioni umeme haukuwako, tulikula kwa mwanga wa simu. Binti yangu alikuwa amechoka, akaanza: “Papa, kula, usipokula hutakua, utabaki…” Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mtoto alikuwa ametazama lile tone la sombe kwenye ncha ya kijiko kwa muda mrefu. Kisha akakigeuza kijiko kuelekea kwangu.

“Koko, wewe kwanza.”

Nikala. Akanitazama koo likishuka. Akachota tone jingine, dogo kuliko punje ya mahindi, akalitia mdomoni, akatafuna mara tatu uso umekunjamana, akalitema. Lakini alilitema kwenye sahani. Siku zote alikuwa akitemea chini.

Nikaenda nyuma ya mlango na kipande cha mkaa, nikachora wa kumi na moja.