Umbo la Kichwa cha Nani?

Binti mwenye nywele ndefu za kujisokota akienda kulala kambi ya kuogelea, kichwa chake husukwa nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Huko hakuna wa kumfumua wala kumpaka mafuta. Tatizo hubaki kwenye kofia. Ile ya kawaida ilikatwa kwa nywele zinazolala. Juu ya mabutu na rasta huteleza, na klorini huzikausha nywele zikakatika.

Mwaka 2017, London, Michael Chapman na Toks Ahmed-Salawudeen walianzisha Soul Cap, kofia pana zinazomeza nywele zote. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kuogelea duniani, FINA, lilizikataa: eti hazifuati umbo la asili la kichwa. Kichwa cha nani? Na kofia pana haimwongezei mtu kasi. Ikifanya lolote, itamvuta nyuma.

Tokyo, Alice Dearing alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuogelea kwa ajili ya Uingereza kwenye Olimpiki. FINA iliziruhusu kofia hizo Septemba 2022, mwaka mzima baada ya michezo kwisha.