Mdai na Mdaiwa: Kukua kwa Nyumba za Biashara za Unguja katika Karne ya 19

Katika mwaka wa 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert walionyesha kwa hesabu jinsi mtandao ukuavyo: kila mgeni aingiaye huelekea kujifunga na yule aliyekwisha kufungamana na wengi, hata mwenye nyuzi nyingi akazidi kuongezewa. Wanauchumi wameitumia kanuni hiyo kueleza makampuni, maana nayo huzaliwa, hushikana kwa mikopo, na hufa. Historia ya Unguja yafaa kuipima.

Nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch katika Bara Hindi, ilikodi forodha ya Sultani tangu miaka ya 1830. Pembe na karafuu zilipita mikononi mwake. Wamarekani waliofanya mkataba na Seyyid Said mwaka wa 1833 hawakuwa na budi kupatana naye, kwani alijua nani ana mzigo na nani adaiwa. Hapa kanuni yasema kweli.

Yasema kweli pia katika habari za misafara. Tajiri wa Unguja alitoa merikani, kaniki na shanga kwa mkopo. Mwenye msafara akaenda Tabora au Ujiji, akakaa huko pengine miaka, akarudi na pembe. Aliyelipa alikopeshwa zaidi. Ndivyo Tippu Tip alivyoinuka, akitegemea mali ya Taria Topan. (Nyuzi hizo zilibebwa vichwani mwa wapagazi, na nyingine zilifungwa shingoni mwa watumwa, mchoro wa nukta na mistari hauwaonyeshi watu hao.)

Lakini mwaka wa 1876 Seyyid Barghash aliitwaa forodha kwa nyumba ya Jairam akampa Taria Topan. Nyumba ile haikuwa imepungukiwa na wateja, wala haikushindwa na mwenziwe sokoni. Waliorekebisha kanuni baadaye walimpa kila mshiriki kipimo cha ubora wake mwenyewe. Kipimo hicho nacho hakitoshi, kwa kuwa forodha haikuwa sifa ya nyumba bali idhini ya mtawala.

Tena kuna deni. Seyyid Majid alipofariki mwaka wa 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba hiyo hiyo, na Barghash, nduguye, hakupenda kulibeba. Katika mchoro huo ni mstari mmoja tu kama mistari mingine. Unguja, mdaiwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumnyang'anya mdai kazi yake.