Njia ya Pembe: Kutoka Bandari ya Kale hadi Ol Pejeta

Kwa mamia ya miaka Bandari ya Kale ya Mombasa iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa yamesheheni tende, chumvi, mazulia na nguo. Kusi iliyarudisha makwao na shehena nyingine: boriti za mikoko, nafaka, pembe za ndovu na, katikati ya mizigo hiyo, pembe za vifaru. Leo majahazi makubwa hayaji tena kwa wingi ule. Vifaru nao wametoweka katika sehemu nyingi walikokuwa wakiwindwa. Jamii moja yao, kifaru mweupe wa kaskazini, imebakiwa na majike wawili tu duniani, mama na bintiye, na wote wako Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia.

Wapo wanasayansi wanaojaribu kuirudisha jamii hiyo kutoka ukingoni mwa kaburi. Wapo wengine Marekani wanaosema watamrudisha ndege dodo wa Mauritius, na hata mamothi, yule ndovu mwenye manyoya wa zama za barafu. Je, inafaa? Mjadala huu hufanyika zaidi kwenye maabara na kumbi za mikutano za mbali. Mimi nimeona niuanzie Mji wa Kale, nifuate njia ya pembe kurudi bara zilikotoka. Hatuwezi kuamua kumrudisha mnyama kabla ya kujua aliondokaje, na wengi waliondokea mlango huu.

Ukitoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukafuata barabara ya Mbarak Hinawy, ukaupita Msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe, unafika kwenye uwanja wa forodha ya zamani. Soko la samaki liko papo hapo, na chini yake maji ya mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa na Nyali. Sehemu hii ndiyo iliyokuwa kinywa cha mji. Biashara ya pembe ni kongwe kuliko jiwe lolote unaloliona hapa. Mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja bidhaa zilizotoka pwani yetu: pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya ng'amba. Yaani kwa takriban miaka 2,000 vifaru wamekuwa wakihesabiwa pwani hii kama mzigo.

Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu, ileile ya ukucha wa mtu na unywele wake, iliyoshikamana nyuzi kwa nyuzi hadi ikawa ngumu kama mpingo. Ukiikata na kuisugua inang'aa, na kadiri inavyoshikwa miaka mingi ndivyo inavyopendeza. Kwa sababu hiyo mafundi wa Yemen waliipenda kwa mipini ya jambia, kile kisu kilichopinda ambacho mwanamume huvaa kiunoni kama alama ya heshima yake. Mashariki ya mbali ilisagwa ikawa dawa ya homa. Hakuna kati ya matumizi haya yaliyohitaji kifaru afe, maana pembe ikikatwa vizuri huota tena. Ila mwindaji hakuwa na subira hiyo.

Kutoka forodhani, mwendo wa miguu usiozidi nusu saa unakufikisha Mwembe Tayari. Siku hizi watu hupanda mabasi ya bara hapo, na wafanyabiashara wa sokoni wanapaza sauti tangu alfajiri. Zamani misafara ilikusanyika papo hapo kabla ya kuvuka Makupa na kuelekea Rabai, kisha nyika kavu ya Taru. Wakamba walikuwa mabingwa wa njia hii katika karne ya 19. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisafiri nao hadi Ukambani, na mwenyeji wake mashuhuri huko Kitui alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Pembe ilisafiri kichwani mwa mtu au begani mwake, majuma kwa majuma, ikipita kwenye ukame na hatari ya kuvamiwa. Biashara ilikuwa ya damu, lakini ilikuwa na mipaka yake, kwa kuwa msafara ulibeba kile ambacho migongo ya watu iliweza kubeba.

Mipaka hiyo iliondolewa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ilifika Ziwa Victoria. Tangu hapo bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ikaanza kuipiku Bandari ya Kale, na bunduki ikawa siku chache tu kutoka kwa wanyama ambao zamani walilindwa na umbali.

Tarehe 21 Aprili 1909 aliteremka Kilindini mtu ambaye safari yake inaunganisha Mombasa na kifaru mweupe wa kaskazini moja kwa moja. Alikuwa Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani majuma machache kabla, pamoja na mwanawe Kermit. Walipanda treni ya reli hiyo, na kwa sehemu ya safari Roosevelt aliketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili awaone wanyama vizuri. Mapema mwaka 1910 walikuwa ng'ambo ya Nile, katika eneo la Lado, wakiwatafuta vifaru weupe wa kaskazini. Jamii hiyo ilikuwa imepewa jina la kisayansi mwaka 1908 tu. Baba na mwana waliua tisa. Katika safari nzima waliua wanyama 512 kwa bunduki zao wenyewe, na ngozi na mafuvu yakapelekwa Marekani kwa ajili ya makumbusho. Mahali walipopiga kambi, kaskazini magharibi mwa Uganda, panaitwa Rhino Camp hadi leo. Vifaru wa porini wa Uganda walikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Simtaji Roosevelt ili kumbebesha lawama peke yake. Namtaja kwa sababu aliwaua wanyama hao kwa jina la sayansi, akiamini kuwa ngozi iliyohifadhiwa ni njia ya kumlinda mnyama asisahaulike. Leo sayansi hiyohiyo inachota DNA kwenye ngozi kuukuu za makumbusho. Mnyama wa kwanza aliyetoweka ambaye chembe za urithi wake zilisomwa, mwaka 1984, alikuwa kwaga, jamaa wa punda milia wa Afrika Kusini, ambaye wa mwisho wake alifia Amsterdam mwaka 1883.

Treni ya siku hizi inatoka Miritini, na baada ya Mariakani na Voi unaikata Tsavo. Ukitazama dirishani huenda ukawaona ndovu wekundu kwa vumbi. Kifaru usitarajie kumwona. Katika miaka ya 1960 Tsavo ilikuwa na maelfu ya vifaru weusi. Nchi nzima ilikadiriwa kuwa na 20,000 hivi mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Kilichotokea kilikuwa na sababu za karibu na za mbali. Mafuta yalipopanda bei, vijana wa Yemen waliokwenda kufanya kazi Saudi Arabia walirudi na fedha, na jambia yenye mpini wa pembe, iliyokuwa ya wenye nacho, ikawa ndani ya uwezo wa wengi. Mmoja wa waliofichua mkondo huo ni Esmond Bradley Martin, mwanajiografia wa Kimarekani aliyeishi Kenya. Alikuwa amefanya utafiti wa majahazi ya bahari yetu na bandari zake, kisha akaanza kufuatilia pembe na masoko yake. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi Februari 2018.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na polepole vifaru weusi wamerudi wakavuka 1,000. Hawakurudishwa na maabara. Walirudishwa na askari wa wanyamapori, na ua, na maji, na watu waliokubali kulala porini. Na Tsavo ilitufundisha pia jinsi kazi hiyo ilivyo nyeti. Mwezi Julai 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Maji waliyoyakuta yalikuwa na chumvi nyingi, na kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Kumi walikufa, na wa mwisho akashambuliwa na simba, naye akafa. Hao walikuwa wanyama hai, wa jamii iliyopo, waliohamishwa ndani ya nchi yao na wataalamu. Anayeahidi kumwachilia mamothi kwenye uwanda wa barafu aanze kwa kutafakari maji ya Tsavo.

Njia yangu inaishia Ol Pejeta, chini ya Mlima Kenya. Mwezi Desemba 2009 vifaru wanne weupe wa kaskazini waliletwa hapa kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018, majuma sita hivi baada ya kifo cha Martin. Waliobaki ni Najin, binti wa Sudan, na Fatu, mjukuu wake. Wanalindwa usiku na mchana kwa silaha, na pembe zao zimepunguzwa ili zisimtamanishe mtu. Hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba.

Kazi ya wanasayansi huwa hivi. Fatu analazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari anaingiza kifaa cha ultrasound kupitia njia ya haja kubwa, na akitazama kwenye skrini anaelekeza sindano ndefu hadi kwenye ovari, karibu na mishipa mikubwa ya damu ambayo ikitobolewa mnyama anaweza kufa. Anafyonza mayai. Siku hiyohiyo mayai yanasafirishwa kwa ndege hadi Cremona, Italia, yanarutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, Suni akiwamo, na viinitete vinavyopatikana vinahifadhiwa katika nitrojeni ya majimaji kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kazi hii ilianza Agosti 2019, ikiongozwa na Taasisi ya Leibniz ya Berlin kwa ushirikiano na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Viinitete vimepita 30. Mwezi Januari 2024 ilitangazwa kuwa jike mmoja wa kifaru mweupe wa kusini alishika mimba ya kupandikizwa, ya kiinitete cha jamii yake mwenyewe kilichotumika kwa majaribio. Mama huyo alikufa kwa bakteria waliofumuka ardhini baada ya mvua kubwa. Tumboni mwake kulikutwa kijusi cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4, kilichokuwa kikikua vizuri.

Mjini Mombasa utasikia hoja nzito kuliko zote: afufuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Naiheshimu, na naona inasaidia kupambanua mambo. Wanaomshughulikia Fatu hawamfufui mtu. Wanausaidia uzazi wa mnyama aliye hai, kwa yai lake mwenyewe. Ni jambo tofauti na lile lililotangazwa Aprili 2025, kampuni moja ya Marekani iliposema imemrudisha mbwamwitu aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Kilichofanyika ni kubadilisha sehemu 20 katika jeni 14 za mbwamwitu wa kijivu aliyepo leo. Ni ustadi mkubwa, lakini aliyetoweka bado hajarudi. Hispania nayo ilijaribu mwaka 2003 kumrudisha mbuzimwitu wa milima ya Pyrenees, aliyekwisha mwaka 2000. Alizaliwa mtoto jike mmoja, akaishi dakika chache, akafa kwa kushindwa kupumua.

Kwa hiyo jibu langu liko wazi. Kazi ya kifaru mweupe wa kaskazini iendelee, kwa sababu damu yake bado inatembea, sababu ya kuondoka kwake inajulikana, na kwao bado kupo. Hifadhi ya Garamba nchini Kongo ilikuwa na vifaru hao 15 hivi mwaka 1984. Kwa ulinzi tu, bila kiinitete hata kimoja, wakazidi kidogo 30 miaka ya baadaye, kabla ya vita na majangili kuwamaliza. Mwezi Juni 2023 Garamba ilipokea vifaru weupe 16 wa kusini kutoka Afrika Kusini ili nyasi zile zipate tena mlaji wake. Hayo ndiyo matayarisho yanayotangulia uzazi.

Mamothi na dodo sioni kwa nini waje kabla ya nguva wa Lamu na swala hirola wa Garissa, ambao bado wanapumua na wanakaribia kwisha mbele ya macho yetu. Fedha za kurudisha waliokwenda zisitolewe kwenye mfuko wa kuwazuia waliopo wasiende.

Na sehemu ya Mombasa katika kazi hii haiko maabara. Iko Kilindini. Katika mwongo uliopita bandari yetu ilitajwa miongoni mwa zilizopitisha pembe nyingi za ndovu za magendo kuliko nyingine barani, zikiwa zimefichwa ndani ya makontena ya chai na mbao. Tarehe 30 Aprili 2016 serikali iliteketeza Nairobi tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru, lakini moto hauzibi mlango. Mlango unazibwa na mkaguzi asiyehongeka, wakala wa forodha anayekataa kutia sahihi karatasi za uongo, na mfanyakazi wa gati anayejua kwamba akitoa taarifa hatapoteza kazi. Wataalamu wa Berlin na Cremona wakifanikiwa, Afrika itapata ndama. Kama atakua na kuzaa itategemea watu wa bandari kama yetu, na hilo tunaweza kulianza leo bila kusubiri maabara yoyote.