Kinyago Kikirudi Bila Ngoma

Waswahili husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa kawaida methali hii hutajwa kumkumbusha aliyepanda cheo kuwa waliompandisha wanamjua tangu alipokuwa gogo. Chini ya maana hiyo imelala historia. Katika Kiswahili cha leo, kinyago ni sanamu yoyote ya mti, hasa ya mpingo, kama zile zinazouzwa Mwenge jijini Dar es Salaam. Lakini neno hili ni ndugu wa unyago, nalo latukumbusha zama ambazo kinyago kilikuwa kitu cha kuvaliwa, kuchezwa na kuogopwa. Kinyago cha aina hiyo ndicho ninachokizungumzia hapa: mapiko ya Wamakonde, pamoja na swali la nini hasa hurudi nyumbani kinyago kinaporudishwa.

Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto Ruvuma: Newala na Mtwara upande wa Tanzania, Mueda na jirani zake upande wa Msumbiji. Huko Msumbiji lipiko, ambalo wingi wake ni mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi, likatobolewa ndani na kuvaliwa kichwani mfano wa kofia ya chuma, na mchezaji akaona njia kupitia kinywa chake. Nywele za binadamu hubandikwa juu yake, na chale za usoni huigwa, pengine kwa nta ya nyuki. Mwili wote hufunikwa nguo ili pasionekane ngozi. Ngoma zikilia, kiumbe huyo huingia uwanjani.

Mchezo huu ulifungamana na jando. Wanawake, na watoto ambao hawajatahiriwa, waliambiwa kuwa lipiko ni mzuka wa mfu aliyerudi. Jandoni kijana alifunuliwa kuwa ndani ya mzuka mna mtu, labda mjomba wake. Utu uzima ulianza siku kinyago kilipoacha kumtisha, na tangu hapo naye akawa mmoja wa walinzi wa siri.

Je, wanawake hawakujua? Ni vigumu kuamini kuwa mama hakuitambua miguu ya kaka yake. Naona kutojua kwao kulikuwa adabu zaidi ya ujinga: ngoma haichezeki bila mtu wa kukimbia. Tena wao wenyewe hawakubaki watazamaji tu. Kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia miaka ya 1950 hivi, wanawake nao walikuwa na ngoma yao ya vinyago, lingundumbwe. Basi siri ya mapiko ilikuwa mpango wa jamii: nani aseme, nani anyamaze, nani acheke, na wakati gani.

Mpango huo haukuwa mgando. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alisafiri kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, vita vya Maji Maji vikiwa bado vinafuka moshi, akakusanya vinyago na kuvipeleka Ulaya. Nusu karne baadaye Jorge na Margot Dias waliwachunguza Wamakonde chini ya utawala wa Kireno, na Margot akapiga filamu ambazo zimehifadhiwa Lisbon. Mwaka 1964 FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam miaka miwili kabla, ilianza vita vya ukombozi katika nchi hiyohiyo ya Wamakonde. Baada ya uhuru wa 1975 chama hichohicho kililikemea jando kuwa ni mabaki ya giza la kale, huku kikiisifu ngoma kama utamaduni wa taifa; tamasha kubwa la ngoma za asili lilifanyika mwaka 1978. Katika misukosuko hiyo wachongaji walizidi kuchonga sura mpya, zikiwemo za wakubwa wa wakati wao. Wachongaji hawakusahau methali.

Sasa tuitazame safari ya kinyago kimoja. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa, na miongoni mwa vilivyopotea kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua Paris. Asili yake ilibainika mwaka 1990. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi Mei 2010 ndipo hati zitiwe saini na kinyago kirudi Tanzania, tena kwa jina la hiba. Miaka ishirini ya mazungumzo kwa kitu kilichoibwa! Ushindi huo ni wa kweli, wala siudharau. Lakini kilichorudi kilitoka kabati la kioo, kikaingia kabati la kioo.

Linganisha na Zaouli, ngoma ya Waguro wa Côte d'Ivoire, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi usioshikika. Zaouli huusifu uzuri wa mwanamke, ingawa mchezaji wake ni mwanamume, na miguu yake huenda kasi kiasi cha kulishinda jicho. Kilichoorodheshwa hapo ni kazi ya watu pamoja: mchongaji, mfumaji, mpiga ngoma, mchezaji na wazee wanaoidhinisha. Uso wa mti ni sehemu moja tu.

Hapa Seven Hills, magharibi mwa Sydney, ninapoandikia haya, jambo hili si la wanamakumbusho peke yao. Sebuleni mwetu ughaibuni vinyago huning'inia ukutani, na mtoto akiuliza ni nini, huambiwa: "Ni cha kwetu." Jibu hilo humpa miliki bila maarifa. Hajui kiliogopwa na nani, wala nani aliruhusiwa kuacha kukiogopa.

Kwa hiyo tunapodai vinyago, na tuendelee kudai, tudai pia vilivyokwenda pamoja navyo: nakala za filamu za Lisbon zionekane Mueda na Newala, maandishi ya Leipzig yasomeke kwa Kiswahili na Kimakonde, na wapiga ngoma walio hai waulizwe kabla wataalamu hawajaulizwa. Waliokichonga wakikosekana, kinyago kitabaki kututisha, au kibaya zaidi, kitabaki pambo tu.