Sauti ya Besi Iko Wapi?

Aliyewahi kukaa mbele ya kundi la taarab asilia Zanzibar ameiona: fidla kubwa kupita zote, ndefu kuliko mwenye kuipiga, imesimama nyuma ya safu ya fidla ndogo. Ni besi. Hakuna ala inayoonekana kwa urahisi kama hiyo, na ni chache zinazosikika kwa taabu kama hiyo.

Ukubwa wake unadanganya. Uzi wake mnene kabisa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo likiwa hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sanduku la besi lina urefu wa mita 1 na ushei tu. Sanduku dogo hivyo halina nguvu ya kusukuma wimbi refu hivyo. Linalomfikia msikilizaji wa mbali ni zaidi zile sauti za juu zinazoandamana na noti yenyewe; ubongo ndio unaomjazia sehemu iliyobaki. Kwa hiyo historia ya besi jukwaani ni ya watu waliouliza swali moja kwa karne nzima: sauti yake hasa inakaa wapi, ili tupeleke sikio hapo?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, sauti zilinaswa kwa pembe kubwa isiyotumia umeme, na besi haikunaswa vizuri. Bendi nyingi za jazz za Marekani zilimpa kazi yake mpigaji wa tuba. Wapigaji wa besi wa New Orleans walijitetea kwa mikono: waliuvuta uzi kwa nguvu mpaka ukaugonga ubao wa vidole, na ule mgongo ukapenya kelele za ukumbi. Kuanzia 1925, maikrofoni ya umeme ilipoingia studio, besi ilianza kurudi.

Lakini maikrofoni ilikuwa haba, na kuisogelea kulihitaji ruhusa ya mkubwa. Mwaka 1939 Duke Ellington alimchukua kijana aitwaye Jimmy Blanton, na badala ya kumficha nyuma akamweka mbele ya bendi, karibu na maikrofoni. Sikiliza “Jack the Bear” ya mwaka 1940: besi si msingi wa nyumba tena, inazungumza yenyewe. Blanton alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 23. Ufundi ulikuwa wake, lakini dunia iliusikia kwa sababu kuna mtu aliyeamua asimame wapi.

Baada ya vita, Everett Hull, mpigaji piano na besi, alifikiri kinyume. Badala ya kuipeleka besi kwenye maikrofoni, aliipeleka maikrofoni ndani ya besi. Aliifunga juu ya mguu wa chuma unaoshikilia ala sakafuni, upande ulioingia tumboni mwa sanduku. Kutokana na mguu huo uliopazwa sauti ndipo kampuni yake ilipopata jina la Ampeg. Jibu lake lilikuwa na mantiki, kwani ndani hakuna tarumbeta wala dramu. Lakini sauti ya ndani ya sanduku si ile inayomfikia anayesikiliza nje. Tena, spika ikipandishwa, sauti yake huurudia ubao wa besi, ubao hutetema, maikrofoni hunasa tena, na ukumbi mzima huanza kuvuma.

Mwaka 1951 Leo Fender alitoa jibu kali zaidi: gitaa la besi lisilo na sanduku lolote la kuvuma. Lilibebeka begani na halikuwa na tatizo la sauti. Kwa bendi nyingi mjadala ulifungwa hapo.

Waliobaki na besi ya kusimama walijaribu kulikaribia gitaa hilo. Nyuzi za utumbo wa mnyama zilibadilishwa kwa za chuma. Kwenye daraja, yaani kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, ikabandikwa fuwele inayozalisha umeme inapobanwa. Kufikia miaka ya 1970 besi ilisikika hadi kiti cha mwisho. Ila sauti hiyo mara nyingi ilikuwa nyembamba, ndefu, yenye mlio kama wa mpira. Fuwele husikia mti ukibanwa, hewa haiisikii. Wapo waliochukia mno. Delfeayo Marsalis, mtayarishaji wa muziki, alifikia kutangaza kwenye majalada ya albamu kwamba besi imerekodiwa bila waya wa moja kwa moja, ili mti usikike.

Ndipo ilipopata nafasi maiki ndogo ya kubana, kama DPA 4099 ya Denmark, ambayo kishikio chake hukaa kwenye nyuzi chini ya daraja. Haiingii tumboni wala haibandikwi; inaelea sentimita chache juu ya ubao. Na swali la zamani linarudi. Ukiielekeza kwenye tundu lenye umbo la herufi f, unapata unene mwingi, lakini noti moja mbili zitavimba na kumeza nyingine. Ukiipandisha kuelekea mwisho wa ubao wa vidole, unapata mguso wa kidole na mkwaruzo wa uzi, lakini kifua kinapungua. Mafundi wengi huanza katikati ya daraja na tundu, kisha husogeza kwa upana wa kidole kimoja huku bendi nzima ikipiga, kwa sababu besi iliyopendeza peke yake inaweza kupotea dramu zikianza. Mgongo wa maiki huelekezwa kwenye dramu, kwani huko ndiko husikia kidogo. Wengine huiacha fuwele imsikilizishe mpigaji jukwaani, na maiki iwape wasikilizaji mti na hewa.

Zanzibar nayo imeonja uamuzi wa Fender. Kundi la Ikhwan Safaa lilianzishwa mwaka 1905, na katikati ya karne ya 20 makundi ya visiwani yalifuata mfano wa okestra za Misri: fidla nyingi, kanuni, udi, na besi. Katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, kinanda cha umeme na gitaa la besi vilichukua kazi hiyo, na watu walicheza kwa furaha. Haikuwa dhambi. Lakini ni vyema kujua kilichoondoka: si noti, maana noti zote zipo kwenye kinanda, bali ule mshindo wa kidole kwenye uzi na hewa ya sanduku inayofuata nyuma yake.

Kupazwa sauti na kusikika ni mambo mawili. Besi ilipokosa kupazwa, ilipewa tuba nafasi yake. Ilipopazwa bila kusikilizwa, ilibaki jukwaani kwa umbo tu, ikitoa sauti ya kitu kingine. Anayeisogeza maiki kidogo kidogo kabla ya onyesho anaamua ala hii iendelee kuwa nani.