Kujifunza kutengeneza tovuti ukiwa Tanga: anza na simu, ila cheti kiangalie

Uko Chumbageni au Pangani, bando la kubana, laptopu huna? Bado unaweza kuanza. Kozi za mwanzo mtandaoni kwa kawaida hufundisha vitu vitatu: HTML inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, CSS inayoweka rangi na mpangilio, kisha JavaScript, lugha ya mwaka 1995 inayofanya vitufe viitikie ukivigusa.

Nafuu ni kwamba faili la HTML halihitaji intaneti kufunguka. Andika kwenye simu kwa programu ya maandishi, hifadhi jina likiishia na .html, fungua kwenye kivinjari. Basi, ukurasa wako huo. Kinachokula bando ni video, kwa hiyo chagua masomo ya kusoma, mfano ya freeCodeCamp ambayo ni bure. Na mapema kabisa jifunze kuupanga ukurasa utoshe kioo cha simu. Mteja wa gesti ya Pangani hatafuti chumba kwa kompyuta ya mezani.

Ukifika JavaScript, simu inachosha kweli. Tafuta kompyuta, hata ya kuazima.

Sasa cheti. Cha freeCodeCamp kinaonyesha ulichojifunza, lakini si stashahada. Ukitaka cha kuendelea nacho na masomo, uliza kabla ya kulipa ada: vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, vyuo vikuu na TCU. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo Tanga. Anayekuahidi “diploma” ya wiki sita kwa WhatsApp, mwombe kwanza namba ya usajili.