Fedha Ndogo, Maafa Makubwa: Jinsi Mataifa Yanavyofuatilia Ufadhili wa Ugaidi

Asubuhi ya Agosti 7, 1998, magari mawili yaliyosheheni milipuko yalilipuka kwa tofauti ya dakika chache katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walipoteza maisha, 213 kati yao Nairobi na 11 Dar es Salaam, na maelfu wengine walijeruhiwa. Wengi wao walikuwa wapita njia na wafanyakazi wa ofisi za jirani, watu wasio na uhusiano wowote na ubalozi.

Ushahidi uliotolewa baadaye katika mahakama ya shirikisho jijini New York ulibainisha jambo ambalo wataalamu wa usalama wanalirejea hadi leo: maandalizi ya mashambulizi hayo hayakuhitaji fedha nyingi. Malori yalinunuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mmoja wa washtakiwa aliendesha biashara ya samaki Mombasa kwa mtaji wa al-Qaeda, na jijini Nairobi mtandao huo ulijificha nyuma ya shirika la misaada na biashara ya vito. Mwaka 2004, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa, ukiacha mashambulizi ya Septemba 11, 2001, operesheni za al-Qaeda ziligharimu chini ya dola 50,000 za Marekani kila moja.

Kiasi hicho ndicho kinachoufanya udhibiti kuwa mgumu. Katika utakasishaji wa fedha haramu, mhalifu huwa na fedha chafu, mara nyingi nyingi, anazotaka zionekane safi. Katika ufadhili wa ugaidi mwelekeo hugeuka: fedha inaweza kuwa halali kabisa, mshahara, faida ya duka au sadaka, na uchafu wake uko mbele, katika kazi itakayofanya. Benki iliyozoea kushtushwa na mamilioni haishtushwi na muamala unaofanana na karo ya mtoto.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Kuzuia Ufadhili wa Ugaidi Desemba 9, 1999. Hadi Septemba 11, 2001, ni nchi nne tu zilizokuwa zimeuridhia, Botswana ikiwa mojawapo. Wiki mbili na ushei baada ya siku hiyo, Septemba 28, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1373 lililozitaka nchi zote wanachama kuufanya ufadhili wa ugaidi kuwa kosa la jinai na kuzuia mara moja mali za wahusika. Mwezi uliofuata, Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Udhibiti wa Fedha Haramu (FATF), kilichoanzishwa mwaka 1989, kikaongezewa jukumu la kushughulikia fedha za ugaidi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na mwaka 2006 ikatunga Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu, ambayo ndiyo msingi wa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Kenya ilipata sheria yake mahususi dhidi ya ugaidi mwaka 2012. Kundi la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika linalopambana na fedha haramu (ESAAMLG), lililoundwa mwaka 1999, lina makao yake makuu Dar es Salaam. Nchi wanachama hukaguana zenyewe: wataalamu wa nchi kadhaa husoma sheria za nchi moja, kisha huuliza swali zito zaidi, yaani kama sheria hizo zinatumika.

Ni katika swali hilo nchi nyingi hukwama. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, inayojulikana zaidi kama orodha ya kijivu, pamoja na Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tanzania iliondolewa Juni 2025. Uganda ilikuwa imetoka Februari 2024, katika kikao kile kile ambacho Kenya iliingizwa. Orodha hiyo si adhabu ya kisheria, lakini benki za nje huanza kuuliza maswali mengi zaidi kabla ya kupokea fedha kutoka nchi husika, na mfanyabiashara asiye na kosa lolote hulipia ucheleweshaji huo.

Upande wa pili wa udhibiti unahitaji umakini usiopungua. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikihudumia familia zenye ndugu Somalia. Zilirejeshwa Juni mwaka huo. Kwa kipindi hicho, kaya zilizotegemea fedha za ndugu kwa chakula zilibaki bila njia ya kawaida ya kuzipokea. Mlango rasmi unapofungwa, fedha haziachi kusafiri. Hupita mahali ambapo hakuna anayeandika jina. FATF nayo ilirekebisha mwaka 2016 kanuni yake kuhusu asasi zisizo za kiserikali, ikaacha kuzihesabu zote kuwa hatarini na kuzitaka nchi zielekeze nguvu kwa zile chache zenye dalili.

Tishio lenyewe limebadilika sura. Nchini Somalia, al-Shabaab hutoza ushuru barabarani na kwa wafanyabiashara. Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara ya mkaa wa nchi hiyo mwaka 2012 kwa sababu mapato yake yalilinufaisha kundi hilo. Kusini, uasi ulioanza Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017 ulivuka Mto Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, Oktoba 2020. SADC ilipeleka kikosi chake Msumbiji Julai 2021, na Februari 2022 ikazindua kituo cha kikanda cha kupambana na ugaidi jijini Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo, Kamati ya Baraza la Usalama ya Kupambana na Ugaidi ilikutana nchini India na kutoa Azimio la Delhi kuhusu intaneti, ndege zisizo na rubani na njia mpya za malipo, zikiwamo sarafu za kidijitali.

Kwa mwananchi, sehemu kubwa ya kazi hii huonekana kwa wakala wa fedha. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa, uliohitimishwa nchini Januari 2020, unakusudia kila muamala uwe na mtu halisi nyuma yake. Lengo hilo huvunjika pale laini inaposajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kwa hila au kwa kumfadhili jamaa, kwani mchunguzi hufika kwanza kwa mwenye jina. Mwananchi anaweza kujua laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA kwa kupiga *106#, na asiyoitambua aitolee taarifa kwa mtoa huduma husika ili ifutwe.